Nilimwita Mchochezi

Kuchochea kulikuwa kazi ya jikoni kabla hakujawa kosa la jinai. Ukuni ukishaungua nusu, moto hulegea. Mpishi anainama, anausukuma ndani ya mafiga hadi sehemu ambayo haijashika ifikie makaa, na sufuria inaanza tena kutokota. Hakuna aliyewahi kuitwa kituoni kwa hilo. Mbele ya hakimu kitenzi hichohicho kina sura nyingine kabisa. Hapa Tanzania uchochezi ulikuwemo katika Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, ukahamia katika Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha ilitamka kwamba vifungu vya uchochezi vya sheria hii ya pili, pamoja na vingine kadhaa, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya, lakini mwandishi wa habari wa nchi hii akilisikia neno lenyewe bado anageuka kutazama nyuma. Tunaomba lisije likaandikwa mbele ya majina yetu.

Mimi nililiandika mbele ya jina la mtu mwingine. Nililiandika nikijua, na hilo "nikijua" ndilo nililolikwepa kwa miaka, nikiwasimulia watu kisa hiki kana kwamba yalikuwa makosa ya tafsiri tu.

Nilikuwa katika gazeti moja la Kiswahili jijini Dar es Salaam. Kwenye kitambulisho niliitwa mwandishi, ila kazi yenyewe ilikuwa kugeuza. Jioni, habari za gazeti dada la Kiingereza zikishahaririwa, zile zinazofaa zililetwa upande wetu. Tunazifupisha, tunaziweka kwa Kiswahili, zinalala kurasani kabla mtambo haujaanza kuchapa. Ukiizoea kazi hiyo, vidole vinakutangulia. Kila mfasiri wa chumba cha habari ana maneno yaliyokaa tayari mkononi, na kwa sababu mhariri amesimama nyuma ya kiti akiulizia ukurasa, unayatoa bila kuyatazama. Siwasemi wenzangu. Najisema.

Habari yenyewe ilihusu kiwanda kimoja kando ya barabara ya Pugu. Wafanyakazi walikuwa wameweka zana chini wakidai malimbikizo ya saa za ziada. Menejimenti ilisema mgomo ule haukufuata sheria. Kiongozi wao, mtu wa makamo aliyekuwa kiwandani hapo tangu ujana, alisimamishwa kazi, naye akasema mbele ya geti kwamba haondoki mpaka wenzake walipwe. Mwandishi wa Kiingereza alimwita "firebrand".

Maana ya kwanza ya neno hilo haina siasa yoyote. Ni kipande cha ukuni kinachowaka. Kiswahili kina jina lake halisi: kinga, au kijinga, wingi vinga na vijinga, kile kipande ambacho upande mmoja ni kaa jekundu na upande wa pili bado ni mti wa kushikia, ambacho mtoto alitumwa kwenda kukiomba kwa jirani ili moto wa nyumbani uwake. Kabla kiberiti hakijawa kitu cha kila nyumba, hivyo ndivyo moto ulivyosafiri kijijini, mkono kwa mkono, mtoto akikimbia huku anakipunga kisizimike.

Kumhamishia binadamu jina hilo si uvumbuzi wa magazeti. Katika sura ya saba ya Isaya nabii anawadharau wafalme wawili, Resini wa Shamu na Peka wa Israeli, waliokuwa wakiitishia Yerusalemu, kwa kuwafananisha na mabaki ya kuni yanayofuka moshi, na wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walilitia pale neno vinga bila kusitasita. Wagiriki nao walisimulia kwamba Hekuba, malkia wa Troya, alipokuwa na mimba ya Paris aliota amezaa mwenge unaowaka. Mwana akakua, akamtorosha mke wa mtu, mji ukateketea. Kwa hiyo tangu zamani mtu wa moto alikuwa mtu wa kuogopwa. Ila katika Kiingereza cha magazeti ya leo neno limepoa. Wanamwita hivyo mbunge asiyekalia maneno yake, mhubiri anayelowa jasho mimbarini, hata mwanamuziki. Lina lawama kidogo na sifa kidogo zaidi. Aliyeitwa hivyo anaweza kuikata habari, akaitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni.

Sasa ungeliwekaje kwa Kiswahili? Kijinga huwezi. Msomaji wa mjini akikuta "kiongozi kijinga wa wafanyakazi" hatafikiria jiko la kuni, atafikiria umemtukana mtu, na atakuwa na haki. Kinga nayo siku hizi imeshachukuliwa na chanjo na bima. Mwenge ungependeza, lakini katika nchi yenye Mwenge wa Uhuru, uliopandishwa kilele cha Kilimanjaro Desemba 1961, kumwita mgomaji mwenge ni kumpandisha cheo kuliko alivyoomba. Yapo mengine: moto wa kuotea mbali, mtu asiyemung'unya maneno, mkereketwa. Na lipo lile ambalo magazeti yetu yamelitumia mpaka limechakaa, yaani machachari. Mwanasiasa machachari, wakili machachari, mbunge machachari. Ukinipa "firebrand" nikiwa nimesinzia, nitakujibu machachari.

Na ndilo nililoliandika kwanza. Kwenye rasimu yangu alikuwa "kiongozi machachari wa wafanyakazi". Hilo nalikumbuka vizuri, ndiyo maana nasema nilijua.

Tatizo likawa kichwa cha habari. Mhariri alikuwa amenipa nafasi ya chini kwenye ukurasa wa mbele, safu mbili, herufi nene. Machachari ni neno linalohitaji kuegemea jina jingine. Huwezi kuandika "MACHACHARI AGOMA" ukaeleweka. Nikahangaika na herufi. Kisha nikaandika: "MCHOCHEZI WA MGOMO: SING'OKI". Likaingia kama lililopimwa. Nilipoliona limekaa kwenye skrini nilifurahi, na siwezi kuisamehe furaha ile kirahisi. Nilijua kwamba mchochezi si machachari. Nilijua lina harufu ya mahakama. Harufu hiyo ndiyo iliyonivutia, kwa sababu kichwa chenye harufu ya mahakama kinauza. Mhariri alipita, akakisoma kwa sauti, akanigonga bega. Nikarudi ndani ya habari nikafuta machachari, nikaweka mchochezi huko nako, ili kichwa na mwili vifanane.

Anayeijua Dar es Salaam anazijua meza za magazeti asubuhi. Yanapangwa, yanabanwa kwa mawe yasipeperuke, na watu wanajazana wakisoma vichwa vya habari wakiwa wamesimama, mikono nyuma, kisha wanakwenda kupanda daladala. Wengi hawanunui. Kwa hiyo watu wengi zaidi walimfahamu yule bwana kwa maneno yangu matatu na jibu lake moja kuliko waliosoma kwamba wafanyakazi walikuwa wanadai fedha walizokwisha kuzifanyia kazi. Jirani zake walipita mezani. Wakwe zake walipita. Afisa utumishi wa kiwanda hakupita tu, alinunua nakala.

Nakala ile ilitolewa kivuli na kuambatishwa kwenye hati ya mashtaka ya kamati ya nidhamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua haki ya kugoma, lakini kwa ngazi: mgogoro upitie usuluhishi kwanza, wanachama wapige kura, mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Wale wa kiwandani walikuwa wameruka ngazi, hasira iliwatangulia. Swali mbele ya kamati likawa ni nani aliyewarusha. Na hapo, kando ya maelezo ya msimamizi wa zamu, kukawa na gazeti la taifa linalosema wazi kwamba mchochezi ni yeye, tena halikuweka hata "anayedaiwa".

Alinipigia simu. Namba aliipata mapokezi, wakamhamishia mezani kwangu. Nilimwamkia, akaitikia kwa upole ambao haukuwa wa mtu mwenye ugomvi.

"Binti, wewe ndiye uliyeandika ile habari yangu?"

"Niliitafsiri, mzee. Iliandikwa kwa Kiingereza."

"Kwa Kiingereza wameniitaje?"

Nikamtajia. Akaniomba nimtajie herufi moja moja, nikamsikia anaandika huku akizirudia taratibu.

"Maana yake nini?"

"Ni kama mtu jasiri, mzee. Anayesema bila woga."

Nilijibu haraka, bila kupima, na jibu lilikuwa sahihi. Kukawa kimya kidogo upande wa pili.

"Sasa mbona hukuandika hivyo?"

Nimewahi kuhojiwa na watu wakubwa, na nimewahi kusimama mbele ya wakili anayelipwa ili anichanganye. Sijawahi kukosa la kusema kama siku ile. Yeye hakungoja jibu. Akaniambia kamati imekwisha kumfukuza na kwamba anapeleka shauri lake CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; siku 30 za kuwasilisha zilikuwa zinakwenda. Alitaka barua fupi kutoka kwangu, ieleze kwamba neno la asili halikuwa mchochezi. Barua ya aya moja. Akaniuliza kama nataka aje ofisini kuichukua ili nisihangaike na nauli.

Nilimwambia nitazungumza na wakubwa. Nilizungumza nao kweli. Jibu lao lilikuwa kwamba barua ya namna hiyo ni kukiri, na gazeti likikiri leo kesho litaletewa madai ya kashfa. Hilo naliandika kwa sababu lilitokea, ila halinisaidii. Hakuna aliyenifunga mikono. Barua ningeweza kuiandika nyumbani, kwa jina langu, kwa kalamu yangu. Nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja uliokaribia kwisha, na nilitaka uongezwe. Alipopiga tena nilimwashiria mwenzangu aseme nimetoka. Akapiga mara nyingine, nikawa nimetoka tena. Kisha akaacha. Mkataba uliongezwa.

Shauri lake lilimalizika kwa makubaliano: alilipwa kiinua mgongo na malimbikizo yake, kazini hakurudi. Sidai kwamba aya yangu moja ingemrudisha. Mwajiri alikuwa na hoja zake, na mgomo uliruka ngazi kweli. Ninachokiri ni kidogo kuliko hicho, na kwangu ni kizito kuliko hicho: aliniomba ukweli nilioujua, uliokuwa mali yake, nikamnyima.

Nilipoacha kazi ya magazeti, nikiwa natafsiri vitabu na nyaraka kwa utulivu zaidi, ndipo nilipokaa na maneno yale mawili na kuona nilichokuwa nimekifanya. Kinga kinawaka chenyewe. Kikiwasha vingine, kinaviwasha kwa kuungua. Kadiri kinavyotoa moto ndivyo kinavyofupika. Mchochezi yuko nje ya mafiga. Amekaa kwenye kigoda, mkono wake haungui, na atakayekuwa majivu ni mwingine. Yule mzee alikuwa akidai saa zake za ziada kama wenzake; jina lake lilikuwa kwenye orodha ileile ya wasiolipwa. Alikuwa ukuni miongoni mwa kuni. Mimi nikamtoa mafigani nikamkalisha kigodani, na wale wengine wote, watu wazima wenye hesabu zao za kodi ya nyumba na ada za shule, nikawageuza kuni zisizo na akili, zinazongoja kusukumwa.

Ndiyo maana wenye mamlaka hulipenda neno hili. Likishasemwa, hakuna haja tena ya kuuliza kuni zilikaukaje.

Mfano ninaourudia mara kwa mara ni wa Mombasa. Januari 13, 1947 mji ule ulisimama: bandari, reli, hoteli, hadi watumishi wa majumbani. Waliogoma walikuwa kama watu 15,000, wakakutana siku hadi siku kwenye uwanja wa mpira wa Majengo ambao wenyewe waliuita Kiembeni. Vita vya dunia vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu, vyumba vilikuwa vya kugombania, mshahara ulikuwa palepale. Mgomo ulidumu karibu wiki mbili. Mle ndani ya mgomo kikazaliwa chama cha wafanyakazi, na Chege Kibachia, kijana aliyetoka bara, akawa kiongozi wake. Serikali ya kikoloni ilikuwa na neno lake kwa watu wa namna ile, "agitator", na Agosti mwaka huohuo Kibachia alikamatwa akapelekwa Kabarnet, Baringo, akazuiliwa huko kwa karibu miaka kumi. Hapo hesabu ya serikali ikawa imefungwa: mkono umekatwa, moto utazimika. Lakini wakati huohuo serikali ileile ilikuwa imeunda baraza la kuchunguza mishahara ya Mombasa, na baraza likaamua wafanyakazi waongezwe. Maana yake walikiri kwa karatasi kwamba kuni zilikuwa kavu. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Jaji Ransley Thacker. Ndiye huyohuyo aliyeketi Kapenguria miaka michache baadaye na Aprili 1953 akamhukumu Jomo Kenyatta miaka saba ya kazi ngumu kwa kuongoza Mau Mau. Mtu mmoja, mwaka mmoja anapima ukavu wa kuni, mwaka mwingine anahukumu mkono.

Hilo "agitator" nalo nilikuwa nimelifasiri mchochezi maisha yangu yote, na halina hata moto ndani yake. Asili yake ni Kilatini, kitenzi cha kuswaga na kutikisa. Katika viwanja vya mashindano vya Roma, agitator alikuwa mwendesha gari la farasi. Kwenye mashine ya kufulia ni ile nguzo ya katikati yenye mapezi inayozungusha nguo ili uchafu uachie. (Mama yangu, alipoiona kwa mara ya kwanza, alisema wazungu wamefunga mwiko ndani ya ndoo.) Lakini kilichonishtua zaidi ni Uingereza ya mwaka 1647. Vita kati ya mfalme na Bunge vilikuwa vimekwisha, askari wa Bunge hawajalipwa mishahara ya miezi mingi, na Bunge linataka kuwavunja au kuwapeleka Ireland. Kila kikosi kikachagua watu wake wa kukisemea, na wale waliochaguliwa waliitwa Agitators. Haikuwa tusi. Ilikuwa kazi, kama kusema mjumbe. Mmoja wao, Edward Sexby, alikuwa askari wa kawaida tu, na mwishoni mwa Oktoba mwaka ule alikaa ndani ya kanisa la Putney, kando ya mto Thames, akabishana na Oliver Cromwell na maofisa wengine wakuu wa jeshi juu ya nani ana haki ya kupiga kura. Neno lilianza kama jina la mtu aliyechaguliwa na wenzake kwenda kudai mishahara. Waliodaiwa ndio waliokuja kulifanya liwe la kuogofya.

Sitaki mtu anielewe vibaya kwamba mchochezi ni neno la kutupwa. Kazi ya kulifanyia ipo ya kutosha. Redio ya RTLM kule Rwanda mwaka 1994 ilisema watu wauawe, na watu wakauawa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani wakubwa wa redio ile na mhariri wa gazeti la Kangura kwa kuchochea mauaji ya kimbari. Pale kigoda kilikuwepo, mpishi alikuwepo, na mikono yao haikuungua. Kwa sababu lina kazi nzito kiasi hicho, neno hili halistahili kutumwa kwenye mgomo wa saa za ziada eti kwa kuwa linaenea safu mbili.

Nilikwenda kumtafuta. Nilichelewa kiasi cha aibu, na nilimpata kwa kuulizaulizia, Gongo la Mboto, ndani kidogo kutoka barabarani. Mkewe ni mama lishe. Wali anaupikia mkaa, lakini maharage, ambayo yanakula muda, anayapikia kuni nyuma ya nyumba, kwenye mafiga matatu ya matofali. Nilipofika alikuwa anamaliza. Alivuta kuni moja moja kutoka chini ya sufuria, akazigongagonga ncha zake ardhini mpaka makaa yakadondoka, akazisokota kwenye mchanga zikatoa moshi mweupe, akazipanga ukutani. Mti uliobaki ulikuwa mfupi kama kiganja.

"Hivyo unaviitaje, mama?" nilimuuliza.

"Vijinga. Kesho vinashika haraka kuliko kuni mpya."

Mzee alitoka ndani amevaa kikoi na miwani. Nilimwamkia, nikajitaja. Hakunikumbuka jina, akaikumbuka sauti. Nikamwambia kilichonileta, kwa mpangilio: kwamba nilikuwa nimeandika machachari, kwamba nilifuta mwenyewe, kwamba nilikuwa ofisini kila alipopiga simu na kuambiwa nimetoka. Sikuyapamba. Alinisikiliza akiwa ametazama uani kwa mkewe. Nilipomaliza aliniuliza kama nimekula.

Tukala. Ilinipa shida kumeza, ingawa maharage yalikuwa mazuri. Katikati ya chakula akasema kwamba lile neno lilimsumbua zaidi nyumbani kuliko kazini. Kazini walikuwa wamekwisha kuamua. Lakini mdogo wake alikuwa askari polisi mkoani, na kwa muda mrefu alikuwa haji nyumbani kwa kaka yake mchana. Anakuja usiku. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa ajira ya mtu, si kwa mdogo mtu anayekuja usiku.

"Na kuchochea, nilichochea," akaongeza, "nisikudanganye. Nilipita mashine kwa mashine nikawaambia tukikubali mwezi huu hatutalipwa tena. Kama huko ni kuchochea, basi. Lakini mimi sikuwa wa kwanza kusema tugome. Wa kwanza walikuwa kinamama wa kufungasha."

Kinamama wa kufungasha hawakuwemo katika habari yangu, wala katika ile ya Kiingereza.

Nilimwambia kwamba nataka kuandika kisa hiki, bila jina lake wala la kiwanda, na nikamuuliza kama nikiandika angependa nimwite nani. Nilikuwa nimemletea orodha. Nilimtajia machachari, akacheka akasema hilo ni la vijana wa mpira. Nilimtajia mwanaharakati, akasema hao ni watu wa semina. Nilimweleza habari ya kinga na kijinga, nikidhani nimemletea zawadi, na mkewe akadakia kutoka uani kwamba mwanamke anayetaka heshima ya nyumba yake haruhusu mumewe aitwe kijinga gazetini.

"Andika katibu wa tawi," alisema. "Nilipigiwa kura, nikashinda. Cheo changu kilikuwa hicho."

Niliporudi nikaitafuta ile habari ya Kiingereza. Aya ya pili inasema kwamba alikuwa katibu wa tawi wa chama cha wafanyakazi, aliyechaguliwa. Nilikuwa nimekikata cheo hicho ili habari ienee.